Shingo ya Maroa

Orpah Nyanchoka alikuwa mwanamke wa kutema mate. Si tabia nzuri kwa Msabato aliyebatizwa, na mwenyewe alilijua hilo, lakini kuna maneno ambayo mtu akiyasikia hana dawa nyingine. Alipoanza kupika katika chuo cha walimu kilichokuwa kilimani, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, mwaka wa 1958, alikuwa akitema labda mara moja kwa mwezi. Kufikia mwaka wa 1965 alikuwa akitema kila Alhamisi saa kumi alasiri, yaani siku na saa ya mdahalo.

Alikuwa mjane kutoka Kisii, mwenye mikono iliyozoea sufuria za moto hata akawa hatafuti kitambaa. Watu wa ziwani walimtania kwa sababu hakula mumi wala kamongo, samaki wasio na magamba, ambao dini yake iliwakataza. Aliwapikia wengine samaki hao bila neno, akanawa, akala maharagwe yake. Hakutaka mtu ale chake, wala hakutamani cha mtu.

Mwenzake pale jikoni alikuwa Maroa, Mkuria wa upande wa Migori, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Maroa alipasua kuni na kuchota maji, na chuo kilipochinja fahali, siku ya kufungua muhula, siku ya kufunga na siku za sikukuu, yeye ndiye aliyechinja. Hiyo ya mwisho ndiyo aliyoihesabu kuwa kazi. Kijijini kwake mchinjaji hakuwa mtu wa kisu tu. Ndiye aliyegawa nyama: mbavu kwa wale, paja kwa hawa, kifua kwa wakwe, na hakuna aliyehoji, kwa kuwa mtu mwenye mkono mchafu hapewi kisu. Akishamaliza kumpa kila mtu fungu lake, mwenyewe alichukua shingo. Hakuiomba wala hakupewa. Aliichukua mwisho kabisa, mbele ya watu wote, akaenda nayo nyumbani.

Na pale chuoni alifanya vivyo hivyo tangu fahali wa kwanza. Wazungu waliokuwa wakikiendesha chuo siku zile walimwona akitoka getini na shingo imefungwa kwa majani ya mgomba, wakamsalimia, naye akawasalimia. Ini lilikwenda nyumba ya mkubwa. Orpah alilikaanga kwa kitunguu, akalifunika kwa sahani ya pili, akalipeleka mwenyewe. Ini la mkubwa, shingo ya mchinjaji. Kwake yeye ilikuwa desturi moja hiyo hiyo, na hakuona ubaya wa upande wowote.

Kisha akaja Mwalimu Nyabuto. Alikuwa ametoka kusoma ng'ambo, akafanywa naibu wa mkuu wa chuo, na alikuwa Mkisii. Orpah alifurahi mpaka akamshukuru Mungu kanisani kwa sauti, kwamba sasa hata mtoto wa nyumbani amekuwa mkubwa. Nyabuto alimwita mama, akamuulizia watoto wake, na fungu lake la ini alilipokea kwa mikono miwili. Alikuwa na suti mbili, miwani moja, na mapenzi makubwa kwa wazee wa Uyunani ya kale, ambao, kwa maelezo yake, walikuwa wameketi kwenye viwanja vyao miaka elfu mbili na zaidi iliyopita wakiulizana haki ni kitu gani. Sasa wanafunzi wake nao wangeulizana. Kila Alhamisi meza za bwalo zilipangwa pande mbili, na kwa kuwa jiko lilitenganishwa na bwalo kwa dirisha la kupitishia chakula tu, Orpah naye akawa mwanafunzi bila kuandikishwa. Kiingereza alikuwa amekiokota miaka hiyo yote, neno hapa neno pale, kikamtosha.

Alisikia kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, akatikisa kichwa kukubali huku akichambua mchele. Alisikia kwamba haki ni faida ya mwenye nguvu, maana yeye ndiye anayetunga sheria, na akishaitunga ikamfaa anaiita haki. Hilo halikumpendeza, lakini hakuweza kusema ni uongo. Alisikia kwamba haki ni mapatano ya wanyonge wanaoogopana. Na alisikia lile ambalo Nyabuto alilipenda kuliko yote, akilitamka amefumba macho: kwamba ni afadhali kudhulumiwa kuliko kudhulumu, na kwamba mdhalimu anayeadhibiwa ana bahati kuliko anayeponyoka, kwa sababu adhabu huiponya roho kama dawa chungu. Orpah alisimamisha mwiko. Shemeji zake walikuwa wamemfukuza kwenye shamba la marehemu mumewe hata matanga hayajaisha. Alitamani kuuliza kupitia lile dirisha, hao wazee wa Uyunani ni wangapi kati yao waliokuwa wamefukuzwa mahali.

Lakini si maneno yaliyomtia kichefuchefu. Mengine yalikuwa maneno mazuri. Kilichomchafua roho ni kwamba pande zilipangwa kwa kurusha shilingi. Ikilalia huku unaitetea haki, ikilalia kule unaitetea dhuluma, na kijana aliyeiangukia haki leo, wiki ijayo aliitetea dhuluma kwa jasho lile lile. Bingwa wao alikuwa Paul, mtoto wa chifu mmoja wa upande wa Ndhiwa, kijana mzuri wa sura, mwepesi wa ulimi. Alhamisi moja aliwazungumzia wajane waliodhulumiwa mpaka machozi yakamlengalenga, na Orpah akamwekea mandazi ya ziada. Alhamisi iliyofuata aliwachekesha watu juu ya wajane hao hao. Siku hiyo Orpah alitoka nje nyuma ya jiko, akatema mate mara mbili.

Mwezi wa sita, siku ya Madaraka, kukachinjwa fahali. Jioni Maroa akashika njia ya getini na fungu lake la majani ya mgomba, kama siku zote, akakutana na Nyabuto akirudi matembezini. Nyabuto akamuuliza amebeba nini. Maroa akafungua majani, akamwonyesha. Akaulizwa kibali kiko wapi. Maroa hakujua kibali cha nini, akasema hii ni shingo. Nyabuto akaagiza ile shingo irudishwe stoo na Maroa akae nyumbani mpaka aitwe.

Mkuu wa chuo alikuwa likizoni kwao mpaka mwaka uishe, kwa hiyo shauri lilikuwa mikononi mwa naibu. Angeweza kumwita Orpah ofisini, akamuuliza maneno mawili, likaisha. Badala yake alipata wazo, na wazo lenyewe likampendeza mno. Wanafunzi, alisema, wamechoka na haki ya vitabuni. Sasa wapewe ya kuonekana kwa macho. Alhamisi ijayo hoja itakuwa moja: je, Maroa ni mwizi? Watapiga kura, naye ataifuata kura yao, ili wajue maana ya kujitawala.

Maroa alikuja jikoni Jumatano, akaketi kwenye gogo la kupasulia kuni, akamuuliza Orpah aseme nini. Orpah alikuwa akimenya viazi. Hakufikiri sana, maana jibu alilijua tangu utotoni. Mbele ya wazee wa kwao, na wa kina Maroa pia, mwizi ni yule aliyechukua mara moja akaficha. Mtu akisimama akasema nimekuwa nikichukua kitu hiki tangu zamani, kila mara, nanyi mliniona, basi kesi imekwisha, chake ni chake. Akamwambia aseme yote, asibakishe. Maroa akaona ni kweli. Akaenda zake akiwa mwepesi.

Alhamisi bwalo lilijaa mpaka madirishani. Maroa aliwekewa kiti peke yake katikati, akaketi na kofia yake magotini. Aliyepewa kumtetea alikuwa kijana mmoja mnyamavu kutoka Macalder, ambaye baba yake alichimba dhahabu. Alisoma karatasi yake neno kwa neno, akasema jambo moja la maana: kwamba fungu la mchinjaji lilijulikana kabla ya ofisi kujengwa. Hakuna aliyepiga makofi kwa sababu hakulisema kwa mbwembwe. Kisha Paul akasimama. Alikunja koti lake, akalibana kwapani, akatembea kama Maroa atembeavyo, miguu nje nje, akasalimia mlango kana kwamba ni Mzungu. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Maroa naye akatabasamu kwa adabu, kwa kuwa hakuelewa Kiingereza, na alipoona watu wamefurahi alidhani mambo yanakwenda vizuri. Orpah aliacha sufuria, akasogea dirishani.

Ndipo Nyabuto akamgeukia Maroa kwa Kiswahili.

"Mzee Maroa, hiyo shingo ulichukua?"

"Nilichukua, Mwalimu."

"Ilikuwa mara moja hiyo tu?"

Maroa akasimama, akavaa kofia yake, akaivua tena. "Hapana. Kila ng'ombe. Tangu mwaka ya hamsini na nane mimi nachukua shingo. Hakuna ng'ombe nilichinja hapa nikaacha shingo. Uliza huyu mama, anajua."

Alilisema kwa fahari, kama mtu aliyeweka jiwe la mwisho juu ya ukuta. Bwalo likapasuka kwa makofi na vicheko. Paul akainua mikono yote miwili, akasema hana la kuongeza, mshtakiwa amemfanyia kazi yake. Na Maroa, aliposikia makofi, alijua kwamba ameshinda. Akageuka, akamtafuta Orpah kwa macho pale dirishani, akamwinamishia kichwa kumshukuru.

Orpah hakusahau kile kichwa kilivyoinama. Alisema hivyo mpaka uzeeni.

Mikono ikahesabiwa, na mikono ilikuwa mingi. Ikaandikwa kwamba amekiri wizi wa miaka saba. Kesho yake Nyabuto alimwita ofisini, akampa barua, na Orpah akaitwa awepo kama shahidi. Nyabuto hakuwa na ukali wowote. Alimshika Maroa bega, akamwambia asione uchungu, kwamba wazee wenye hekima walikwisha kusema mwenye kuadhibiwa ana bahati kuliko mwenye kuponyoka. Maroa alisikiliza, kisha akauliza neno moja tu, barua imeandika nini.

"Imeandika wizi," Nyabuto akasema.

Orpah alitoka, na kwa mara ya kwanza hakungoja kufika nyuma ya jiko. Alitema pale pale kwenye ngazi ya ofisi. Lakini mate hayo hayakumsaidia, kwa kuwa nusu ya kinyaa kile ilikuwa juu yake mwenyewe. Yeye ndiye aliyemwambia aseme yote. Alimpeleka mtu mbele ya vijana wa shilingi ya kurusha akidhani wana masikio ya wazee.

Mwezi wa nane alikuja mke wa Maroa, Rispa, kuchukua shoka na blanketi la mumewe. Orpah akampa uji, wakaketi. Rispa akasimulia kwamba habari za barua zilikuwa zimefika Migori kabla ya Maroa mwenyewe, zimepelekwa na mtoto wa watu anayesoma hapo chuoni. Jirani yao akafiwa, ikabidi kuchinja, na watu wote wakawa wamesimama pale na ng'ombe amekwisha kufungwa.

"Hawakumtukana, dada," Rispa akasema. "Walimpita tu na kisu, wakapatia mwingine."

Tangu siku hiyo Maroa alikuwa akishinda ndani. Rispa hakumlaumu Orpah hata kwa jicho. Orpah alitamani angemlaumu.

Siku ya kufunga mwaka, mwezi wa kumi na moja, wageni wakubwa walialikwa kutoka wilayani, na mdahalo wa mwisho ukapangwa ufanyike mbele yao kabla ya chakula. Mchinjaji akaletwa kutoka sokoni. Alikuwa mtu mfupi mwenye maneno machache, na kabla hajagusa kamba aliuliza kama shingo itakuwa yake. Akaambiwa nyama yote ni mali ya chuo. Akafuta kisu chake kwenye nyasi, akasema bila shingo hachinji, akaanza kuondoka. Nyabuto akaitwa. Akatazama saa, akatazama barabara ambako magari ya wageni yangetokea, akachomoa kalamu, akaandika kikaratasi. Kikaratasi kilisema aruhusiwe kutoka na shingo.

Orpah alikiona mkononi mwa bawabu wa getini saa sita mchana, shingo ilipokuwa imekwisha kwenda zake. Akakiomba. Bawabu akampa, kwani kilikuwa hakina kazi tena. Akarudi jikoni, akalikaanga ini vizuri kuliko alivyowahi kulikaanga, kitunguu kikawa chekundu, akaongeza pilipili manga kidogo. Akalifunika. Halafu, badala ya kushika njia ya nyumba ya mwalimu, alizunguka akaingia bwaloni kwa mlango wa mbele, katikati ya mdahalo, aproni kiunoni, akapita kati ya zile pande mbili mpaka meza kuu. Aliyekuwa akizungumza akanyamaza mwenyewe. Orpah akaweka sahani mbele ya Nyabuto, akaifunua, akaweka kile kikaratasi kando yake.

"Mwalimu," akasema, "shingo ya leo imetoka na karatasi yako. Maroa ulimfukuza kwa shingo. Sasa hii ini, karatasi yake iko wapi? Kila ng'ombe mimi nakuletea. Ulimwambia Maroa mwenye kuadhibiwa ana bahati. Leo nimekuletea bahati yako."

Mafuta ya ini yalikuwa bado yakichirizika sahanini. Uso wa Nyabuto ulibadilika, na kwa dakika moja Orpah aliamini kwamba amefika mahali. Kisha mtu akaanza kupiga makofi. Alikuwa Paul. Alipiga kwa moyo wote, kama mchezaji anayemsifu mchezaji mwenzake, na bwalo zima likamfuata, wakasimama, wakagonga meza. Mgeni mmoja mwenye kitambi alifuta machozi ya kicheko, akasema huyu mpishi alipaswa kuwa mwanafunzi. Na Nyabuto akatabasamu. Alipoona watu wanafurahi alipata pa kutokea. Akainuka, akaliambia bwalo kwamba hiyo ndiyo hoja bora kuliko zote za mwaka huo, fupi, kali, yenye ushahidi mezani. Akafungua daftari lake la alama, akaandika jina la Orpah.

Orpah akangoja makofi yaishe.

"Basi Maroa arudi kazini?"

"Hayo ni mambo ya ofisi, mama," Nyabuto akasema kwa upole. "Hapa tunajadili."

Akavuta sahani karibu, akachukua kipande, akatafuna, akawaambia wageni kwamba kitunguu kimekolea.

Orpah alimtazama akitafuna. Alikuwa amekuja na aibu mkononi akidhani kila mtu ana mahali pa kuiweka. Hakutema mate. Safari hii alihisi hata mate yake ni kitu kizuri mno kwa sakafu ile. Alifungua aproni, akaiweka kwenye lile dirisha la chakula, akatoka kwa mlango aliouingilia, na hakurudi tena kilimani.

Miaka iliyofuata aliishi Migori, akauza chai na maharagwe katika hoteli ndogo karibu na soko, pamoja na Wakisii wengine waliokuja kufanya biashara. Lakini kabla ya hoteli, kabla hata hajapata chumba, alikwenda nyumbani kwa Maroa. Siku hiyo mzee mmoja wa hapo, Mwikwabe, alikuwa akipokea ng'ombe wa mahari ya binti yake, na fahali wa kuchinjwa alikuwa amefungwa. Orpah, mwanamke mgeni, asiyejua Kikuria ila salamu, aliomba ruhusa ya kusema mbele ya wanaume, akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni. Kwamba alipika sehemu moja na Maroa miaka saba. Kwamba shingo ilichukuliwa mchana, getini, watu wakiona. Kwamba yeye ndiye aliyemshauri aseme yote, na waliomsikiliza walikuwa watu wa kucheza.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyeinua mkono kuhesabiwa. Wazee waliuliza maswali mawili matatu, kisha Mwikwabe akaenda mwenyewe mpaka kwenye nyumba ya Maroa, akamtoa ndani, akamtia kisu mkononi.

Maroa alichinja. Mkono haukusahau kitu. Akagawa mbavu, akagawa mapaja, kifua akawapa wakwe, akina mama wakapata fungu lao, na hata Orpah aliitwa akapewa kipande cha mgeni. Juu ya majani ya mgomba ikabaki shingo. Mwikwabe akamwambia achukue, jambo ambalo zamani hakuna aliyehitaji kumwambia. Maroa akaosha kisu, akakirudisha kwa mwenyewe, akaenda nyumbani mikono mitupu.

Shingo ilibaki pale juu ya majani mpaka nzi wakaijaa, na hakuna mtu aliyeigusa, kwa sababu ilikuwa yake.